Nani Anaongeza?

Andika, alisema Sista Eufrasia, usilazimishe kusema.
Basi naandika,
kwenye daftari la hesabu la Zamda, lenye miraba.

Mimi Kitwana Mkude, mnadi wa mitumba, Karume,
niliyewauzia makoti ya theluji
watu wanaotokwa jasho saa mbili asubuhi.
Elfu tatu! Tatu na mia tano! Nani anaongeza?
Sauti yangu ilivuka barabara ya Uhuru
bila kutazama magari.
Na chini ya ulimi, kushoto, kuberi.
Iliniamsha, ilinishibisha, ilinipa pumzi ya kupandisha bei.
Bei yake yenyewe hakuna aliyeinadi.

Kidonda kilianza kama punje ya ulezi.
Nikasema nimejing'ata.
Mwenye duka la dawa Buguruni akasema fangasi,
akanipaka dawa ya zambarau; wiki mbili wateja walinicheka
kama mtoto aliyeshuka mtini.
Fundi meno wa Tandika akasema jino, akaling'oa.
Jino halikuwa na kosa. Nalikumbuka bado.
Shangazi akasema husuda, sauti kama ile haikosi macho.
Nami nikasema, Ramadhani ikiisha.
Kisha, huu mzigo mpya ukiisha.
Kila mtu alitaja yake,
kidonda kikapanda.

Miezi saba.

Dokta Rwechungura alivaa glavu, akagusa ulimi,
akagusa shingo, akakaa kimya,
na mimi mtu wa soko najua:
mnunuzi akinyamaza ameshaiona dosari.

Kipande cha nyama kilikaa maabara wiki nne.
Karatasi ya rufaa ilipungukiwa muhuri mmoja.
Kwenye orodha ya mionzi nilikuwa ukurasa wa pili, chini,
karibu na doa la chai.
Tuliuza friji. Kisha cherehani ya Mwanaheri,
niliyoinadi mwenyewe, kwa vidole.
Siku ile hakunitazama.

Wodini, jirani yangu wa Ujiji hakuwa na taya la chini.
Alisikiliza mpira redioni, na timu yake ikifunga
alipiga kitanda makofi.
Bibi mmoja wa Chwaka aliuguza kinywa mwaka mzima
akidhani ni chokaa ya tambuu.
Daktari mwanafunzi akatueleza:
kuna miji mtu huenda kusafishwa meno tu, hana hata maumivu,
akaonekana na alama nyeupe,
na kabla mwezi haujaandama imeshaondolewa.
Na kuna miji ng'ambo ya bahari hii hii
wanaotafuna kama sisi, wanaochelewa kama sisi,
na ni wengi kutushinda.
Nikamwandikia: Kwa hiyo kidonda ni kimoja,
foleni ndizo mbili?
Alisoma. Akasoma tena.
Alikuwa zamu tangu jana; akanirudishia kalamu yangu
akasahau yake.

Na huyu aandikwe pia, asipotee:
Eufrasia, aliyetusagia wali na maharage
kwa mashine ya juisi aliyoinunua kwa mshahara wake,
akaonja kwanza yeye, chumvi.

Wahenga walisema ulimi hauna mfupa.
Hawakusema una uzito gani
ukiwekwa kwenye sahani ya chuma.
Nimebakiwa na theluthi mbili.
Nikiita Zamda hutoka Amda.
Huitika hivyo hivyo, asinisahihishe.

Mionzi imekaza mataya.
Kila alfajiri, kizingitini kwetu Vingunguti,
napanga vijiti vya koni kati ya meno,
kimoja juu ya kimoja, kinywa kikumbuke kufunguka.
Mwezi uliopita tisa.
Zamda, sare imefungwa vifungo nusu,
anahesabu kwa sauti aliyoirithi bila kuniuliza,
majirani wanafungua madirisha:
Kumi na mbili! Kumi na tatu!
Kumi na tatu mara ya kwanza, mara ya pili,
nani anaongeza?

Machozi yananitoka, taya linawaka.
Nainua kidole.