Sindano Zisizo na Uzi

Bwana Kuwabara haoni. Alinijua kwa hatua
kabla sijakung'uta theluji viatuni:
"Bi Orie, leo unaegemea kulia."
Nikavua koti kwa mkono mmoja.
Ule mwingine umegoma tangu Agosti,
haupandi kupita kifua;
kuanika shuka, lazima nimwite jirani.

Miaka arobaini na mmoja nimeshona sare
za shule tatu za hapa Hirosaki.
Nyuzi ngapi nimezilainisha kwa ulimi,
sindano ngapi zimenichoma, nikanyonya damu, nikaendelea.
Leo mimi ndiye kitambaa.

Alinishika mshipa kwa vidole vitatu,
akasikiliza kama mtu aliyetega sikio ukutani
na chumba cha pili kuna wanaonong'ona.
Hakuniuliza bega. Aliuliza, "Unalalaje?"

Swali gani hilo kwa mjane?
Nalala ubavu, nikasema, ukingoni mwangu,
mkono nimeunyosha kule alikokuwa Shozo,
nisije nikabingiria nikachukua nafasi yake.
Neno likanitoka, likanishangaza mwenyewe,
kama pini uliyoisahau kwenye pindo.

Hakusema pole. Nilishukuru.
Alisimamisha kimrija juu ya ngozi,
akagonga kwa kidole, ko,
ikaingia. Sikuhisi mchomo. Nilihisi uzito,
kitu kikivutwa polepole kutoka mbali
hadi kwenye kidole gumba.
Nyingine chini ya goti.
"Goti lina kesi gani?"
"Ni shahidi," akajibu.
Nikalala pale, birika likichemka,
machozi yakiniingia masikioni;
si ya huzuni hasa,
yalikuwa tu yamechoka kupanga foleni.

Wakati wa kulipa akasema,
"Usiku wa leo, lala upande wake."
"Halafu?"
"Halafu utajua godoro lake lilivyokuwa."

Lina bonde. Miaka yote hiyo, bonde,
na yule mzee hakunung'unika hata siku moja!
Nilimkasirikia mpaka nikacheka peke yangu gizani,
nikajilaza humo hadi jua likanikuta.

Tarehe nane Februari washonaji tunapeleka hekaluni
sindano zilizovunjika, tunazichomeka kwenye tofu,
zipumzike mahali laini baada ya kazi ngumu.
Nilimwomba Bwana Kuwabara moja yake iliyopinda.
"Sheria," akasema. "Zangu huenda sanduku jekundu, kisha motoni."
Akatabasamu upande wa dirisha, kusiko na mtu.
Basi nikapeleka zangu kumi na mbili,
na ya kumi na tatu, nzima,
ile iliyoshona vifungo vya koti la mwisho la Shozo.
Niliisukuma taratibu. Sikuigonga.

Bega? Linafika rafu ya pili.
Kopo la chai liko rafu ya tatu.