Mke Wangu Anajifunza Kwenda

Tangu Mei Eduviges anakwenda bwawani na kurudi,
kila jioni, viatu shingoni, kisha miguuni,
kisha shingoni tena.
"Navifundisha," anasema. "Bado vina kiburi cha dukani."
Binti yetu alivituma kutoka Houston,
vyeupe kama meno ya bandia.
Jana nimevikuta vina rangi ya mbuzi wetu
naye akaniambia: sasa vinanijua.

Siku kumi na saba, kutoka milima hii ya Sierra Gorda
hadi kwa Mama wa Tepeyac, wanawake peke yao.
Wanaume wana msafara wao. Mimi goti langu
lilibaki kwenye mgodi wa zebaki, halikupanda tena.

Nilidhani kujiandaa ni jambo la miguu.
Kumbe anayeandaliwa ni mimi.
Amenisimamisha mbele ya bamba la udongo,
mtu wa miaka sitini na mmoja,
niipige kwa viganja chapati ya mahindi.
Ya kwanza ilitoka na pembe.
Ya pili alimtupia kuku;
kuku akaitazama, akanitazama.
"Moto mdogo, Crispín. Hupigani nao."
Ukutani ameniandikia kwa mkaa:
gesi, Jumanne.
Jogoo akikoroma, kitunguu saumu.
Vidonge vya presha ni vyako, si vya mbwa.

Husemwa safari hufungwa.
Hii yake kila siku inafunguliwa.
Nicanora alileta utepe wa plastiki
uliokuwa mkononi mwa mjukuu wake hospitalini.
Msichana wa mwalimu alileta penseli iliyotafunwa.
Na Fermín,
Fermín ambaye hajatusalimu tangu ugomvi wa kisima,
alisimama nje ya ua wa mipungate, kofia mkononi,
akanyoosha ufunguo.
Wa nyumba aliyomjengea mwanawe aliyekwenda kaskazini;
mwaka wa tatu huu simu haijalia.
"Mwonyeshe tu," akasema. "Atajua ni wa mlango gani."
Eduviges hakuuliza. Aliufunga kwenye leso
kama mtu afungavyo chenji ya sokoni.

Tukaupima mzigo kwenye mizani ya mahindi: kilo tisa.
Padri alisema saba.
Akatoa blanketi la pili. Akatoa sweta.
Nikamwambia utaganda kule uwandani.
Akasema, ufunguo nao unaganda.

Usiku namsugua visigino kwa mafuta ya mbuzi na chumvi.
Ananionyesha namna ya kutoboa lengelenge:
sindano ipite, uzi ubaki ndani,
maji yatoke yenyewe, usiyakamue.
Nikamuuliza, na wewe, utaomba nini?
"Kwanza nifike San Juan del Río
bila kumtukana Hermelinda. Anakoroma, yule,
hata akiwa macho."
Tukacheka mpaka mbwa akabweka.

Lakini alipodhani nimelala
alishonea kwenye pindo la sketi, upande wa ndani,
kifungo kidogo cha buluu.
Nakijua.
Kile kigauni tulikizika kikiwa na vifungo vinne;
wa tano tuliutafuta chini ya kitanda, kwenye majivu,
mvua inanyesha, watu wanangoja mlangoni.
Miaka thelathini na minne
sikujua kwamba alikipata.
Sikusema neno. Niliamka, nikasogeza taa
aone tundu la sindano.
Naye hakugeuka. Alisema tu, "Isogeze kidogo tena."

Leo saa tisa za usiku nimemtangulia jikoni.
Moto mdogo. Sikupigana nao.
Wenzake wanapiga kengele kule barabarani,
lori la mizigo linaunguruma,
naye anakula wima, viatu vimefungwa.
"Ina pembe moja tu," anasema,
na nyingine anaifunga kwenye leso,
pamoja na ufunguo.