Tetea

Somoe, ukiosha utumbo huo bombani, hapa Masasi,
usiukamue kwa hasira.
Tetea wetu alidonoa kila uchafu:
pumba iliyovunda, bibo lililochacha chini ya mkorosho,
matapishi ya mlevi wa uraka,
na hakuhara hata siku moja.

Mle ndani, kwenye kuta laini kama ulimi,
walikesha walinzi wasio na macho
wakimtetea tetea:
protini, ndogo kuliko nukta,
zikitoboa ngozi ya kijidudu
hadi avuje, anywee, atoke na kinyesi.

Mimi nikakimbilia unga wa njano, duka la mifugo.
Niliwanywesha vifaranga arobaini.
Wamebaki tisa.

Yeye sikumpa chochote.
Ndiye aliyenona,
ndiye niliyemchinja leo, shemejio kaja.

Osha polepole.