Namba Arobaini na Nne

Subilaga, mguu wako naujua kuliko babako.
Ulinijia Mwanjelwa uko kidato cha kwanza,
raba zimecheka mdomo wazi,
ukasimama pekupeku juu ya boksi,
Julai, baridi ya kung'ata masikio,
nikauchora mguu wako kwa kipande cha chaki.
Thelathini na tisa.
Krismasi, arobaini na moja.
Nikasema, huyu mtoto anawekewa mbolea.

Halafu wakaanza kuja.
Wa Dar, koti jepesi, meno yanagongana,
anausifu mlima Loleza kana kwamba ameombwa kuununua.
Wa Nairobi alikuja na fulana, jina lako tayari mgongoni,
herufi moja imezidi.
Wa Marekani hakuja. Alipiga simu saa nane usiku,
babako akapokea akidhani kuna msiba Tukuyu.

Kila mmoja alikupima kimo.
Kila mmoja alihesabu mipira unayotumbukiza
pale kwenye saruji yenye ufa katikati,
ringi haina wavu,
ukajifunza kulitambua goli kwa ukimya wake.

Sasa niseme nililolificha.
Yule wa Dar aliniinamia kama mteja:
"Fundi, binti anavaa namba ngapi?"
Nikaliona boksi jipya, karatasi laini ndani,
nikaliona benchi langu bila wewe.
Nikasema, arobaini na mbili.
Pungufu mbili tu. Watu huiba zaidi ya hapo
kwenye mizani ya viazi.

Vikaja, vyeupe, vinanukia duka.
Ukavivaa mechi ya Iringa, ukacheza dakika zote,
ukarudi unachechemea, kidole gumba kimeiva kama nyanya,
na ukaniletea nani avitanue?
Mimi.
Usiku tatu nilivipiga kalibu,
kila pigo la nyundo linanisuta.
Hukuuliza.

Aliyekupata hakuleta kitu.
Mama wa Morogoro, kisigino kimemng'oka njiani,
alikaa kwenye stuli yangu, mguu mmoja soksi tupu,
akakuuliza, hata mpira hajautaja:
"Siku goti likikataa, utakuwa nani?"
Ukajibu kabla hajafunga mdomo:
"Daktari wa ng'ombe."
Alicheka mpaka stuli ikalia.
Nilimgongea misumari minne,
pesa sikuchukua.

Leo alfajiri umepita ukienda stendi,
ukungu umekukata kiunoni, kichwa kiko juu ya wingu,
begi bega hili, bega lile viazi vya Uyole
ambavyo babako amekulazimisha.
Umeniachia zile raba za zamani.
"Nitazipitia Desemba, fundi. Na ile elfu tatu yako..."

Nikakukatiza.
Najua, dawa ya deni kulipa.
Hili liache liumwe.