Kumi na Nane

Alfajiri, kabla jua la Kisumu halijaonja lami,
Mmbone wa Kondele anachuchumaa kando ya gari la chanjo,
geji ya shaba mkononi.
"Pima likiwa baridi," aliniambia mwaka ule wa kwanza.
"Tairi lililotoka mbio husema uongo."
Mbele thelathini na sita. Nyuma arobaini,
kwa ajili ya jokofu, masanduku, mitungi miwili ya gesi,
na Sista Chepkirui, asiyependa nilitaje hilo la uzito.

Lami haina neno. Lami hadi Ahero, lami hadi Katito,
mpunga huku na huku,
tairi limekaza kifua kama askari wa gwaride.
Nami nilikuwa hivyo. Miaka kumi na tisa ya usukani
nikiamini tairi gumu ndilo tairi,
na anayetoa upepo njiani
kakosa pampu au kakosa akili.

Mpaka mwaka wa mafuriko, ng'ambo ya Pap Onditi.
Udongo mweusi ule hauzuii gari, unalimeza.
Nikaongeza moto. Magurudumu yakachimba,
yakachimba kwa bidii, kama yamelipwa,
hadi mlango ukagoma kufunguka.
Trekta lilifika saa kumi. Barafu ilikuwa maji.
Mama mmoja, aliyengoja tangu asubuhi,
alimfunga mtoto mgongoni upya
akaondoka bila kuniambia neno.
Afadhali angetukana.

Nilipomsimulia Mmbone, hakunipa pole.
Alinyosha spana kuelekea mtaro wa maji machafu:
"Bata yule na kuku wangu, wote kilo mbili.
Nani anazama?"

Basi siku hizi, lami inapokatika, nashuka.
Nachokoa ulimi wa valvu kwa kijiti.
Fyuuu. Upepo wa Kondele unamwagika Nyakach,
una harufu ya mpira na, naapa, ya mandazi.
Ishirini na nane ingetosha kwa changarawe,
kwa ile barabara iliyojikunja kama bati
inayolegeza meno na skrubu kwa pamoja.
Matope yanataka zaidi. Ishirini na tano. Ishirini.
Kumi na nane, hapo nasimama.
Tairi limeota kitambi, linakanyaga kwa wayo mzima.
Vijana wa bodaboda wananipigia kelele:
"Mzee, una pancha nne!"
Nawapungia mkono.
Chini ya hapo sishuki; kwenye kumi na mbili
tairi huvuka rimu kama ndara ya mtoto.
Na tukianza kupanda Nyabondo najaza tena kidogo,
maana mawe ya kule hukata mashavu laini.

Taratibu, gia ya pili, mguu mwepesi.
Udongo unanung'unika chini yetu, lakini unatupisha.
Watoto sitini na wanne, kila mmoja na kilio chake.

Halafu foleni ikaisha, Sista akanitazama.
"Leta mkono." Akaufunga ule mkanda wa kitambaa,
akabinya kipira, akanyamaza, akabinya tena.
"Mia sabini na nane juu. Mia na nne chini.
Baba Adongo, umebeba nini?"
Nikataka kucheka. Nikataja karo ya wawili,
nikataja kesi ya shamba, kaka yangu na mawakili wake,
nikaona orodha inarefuka, nikaiacha njiani.
Hakunihubiria. Alifungua kile kikoki kidogo
na upepo ukatoka mkononi mwangu, fyuuu,
polepole, sauti ninayoijua.

Jua linazama tunapofika tena ukingo wa lami.
Napiga goti, naunganisha pampu kwenye betri;
ukikimbiza tairi legevu lamini linachemka, linapasuka.
Mfukoni simu inatetemeka. Jina la kaka.
Naiacha itetemeke hadi ichoke.
Mbele thelathini na sita.
Nyuma, masanduku ni matupu sasa.
Nyuma pia thelathini na sita yatosha.