Mifuko ya Mikate, Barabara ya Kibos

Nilifika moshi ukinitangulia,
mikate mia mbili na arobaini bado iko nyuma,
simu ya duka la Awasi ikilia mfukoni.
Nikafungua boneti, nikakishika kifuniko cha rejeta
kwa kitambaa, kama mtu anayefunua sufuria ya maharagwe.

"Acha."
Aduda hakupaza sauti.
Alikunja mkono wa ovaroli hadi kiwiko
akanionyesha ngozi iliyokunjamana
kama karatasi iliyolowa ikakauka.
"Hii niliipata nikiwa na haraka kama yako.
Keti. Kunywa chai. Injini haipoi kwa kukodolewa macho."

Saa nzima na robo tuliketi.
Mafundi wa jirani walininunulia mikate ishirini na sita.

Chuma kilipokubali kiganja,
alilegeza waya wa betri, ule wa hasi kwanza,
kisha akaniomba mifuko ya mikate.
Altaneta akaivisha mmoja. Kisanduku cha fyuzi, mwingine.
Mdomo wa kichujio cha hewa akaufunga kwa raba ya baiskeli,
taratibu, kama anayefunga kitovu.
Probox yangu ikasimama pale
imevaa bluu na nyekundu ya kiwandani,
ikanichekesha, halafu ikanitia haya:
miaka mitatu inanilisha
na mimi sijawahi kuivisha chochote.

Otula akaja na mpira wake wa maji unaonguruma.
"Dakika mbili tu, mama. Itang'aa."
"Huo kaoshee magurudumu ya trekta."
Maana maji ya nguvu, alisema, hayabishi hodi;
yanaingia penye plagi, yanajificha kwenye soketi,
na kesho saa kumi alfajiri gari linakohoa
wewe unamtafuta mchawi.

Sabuni ya unga, maji vuguvugu, brashi ya viatu,
mswaki mkuukuu kwa pembe za ndani.
Grisi ilitoka nyeusi, ikatoka kahawia,
mwisho ikatoka rangi ya uji wa wimbi.
Yote aliyakinga kwa karai.
"Mtaro huu unashuka ziwani. Na ziwani ndiko tunakochota."

Halafu rejeta.
Hapo nikauona mwaka wangu wote:
visubi wa ziwani, wale tunaowaita sam,
maelfu, wamegandamana katikati ya mapezi kama lami;
makapi ya mpunga wa Ahero;
nyuzi za miwa zilizopeperuka kutoka trela za Muhoroni;
na bawa moja la kipepeo, la manjano,
lisilo hata na mkwaruzo.

Alimimina kwa kopo kutoka upande wa feni kwenda nje.
"Taka hutolewa kwa mlango zilioingilia."
Mapezi ni laini, ukiyasugua kwa kupinga yanalala
na hewa haipiti tena.
Akayapitisha brashi juu chini, juu chini,
kama anayemchana nywele mtoto aliyesinzia.
Bawa lile sikuliona lilikokwenda.

Jua la saa nane likafanya kazi yake.
Tukavua mifuko. Ule waya wa hasi ukarudi mwisho.
Nikawasha. Ikaitika mara moja,
nami nikataka kupiga kigelegele, mwanamume mzima.

Aduda alikuwa bado ameinama, tochi mdomoni,
akitazama kiungo ambacho asubuhi kilikuwa tope tupu.
Tone likajikusanya, likaning'inia,
likaangukia kadibodi.

"Uchafu ulikuwa umekaa hapa kama bandeji," alisema.
"Basi tungeuacha!"
Akanitazama kwa muda mrefu, kisha akacheka,
akausuuza mswaki wake.
"Leo tumeosha tu. Pesa ya kuziba, utaitafuta."

Nikaondoka na mikate iliyobaki,
pole pole, jicho moja kwenye mshale wa joto.
Ahero nilisimama kabla sijaulizwa nimechelewa wapi.
Nikapiga magoti kwenye changarawe,
nikachungulia chini ya gari,
nikahesabu.