Mstari wa 214

Saa nane za usiku, Kibokoni.
Joto la Mombasa nalo liko macho.
Kompyuta yaniambia: kosa, mstari wa 214.
Naenda mstari wa 214.
Mtupu.
Hauna hata nukta.
Naufuta ule utupu;
sasa kosa liko 213.

Juzi walileta toleo jipya la zana, wakasema limepona.
Limepona kweli:
jino bovu li pale pale, wameng'oa zima.

Na kazi yenyewe ni daftari la deni tu,
la shangazi Mwanatumu wa mahamri:
nani kakopa, lini, ngapi.

Jana alasiri ikaja barua ya mawakili.
Kupanga wadaiwa kwa tarehe, wa zamani juu,
ati ni uvumbuzi, una hataza,
una mwenyewe, yuko ng'ambo, alipwe.

Nikamsomea shangazi, mikono imemjaa unga.
Akautazama ukuta wa jiko:
majina kwa makaa, wa zamani juu,
wengine wamezikwa na deni zao.
"Huyo mvumbuzi," akauliza, "alipita hapa lini?"
Akanisogezea kipande cha kaa.
"Muandike. Chini kabisa."

Nimemuandika.
Narudi 213.